Samaki Waliopauka Sebuleni Mwiki

Binti yangu aliniambia kwa simu kwamba wageni wake hawatakuja kwangu Membley. Wangepokelewa Mwiki, kwa kaka yangu mkubwa, katika nyumba alimolelewa. Alilisema polepole, akingoja nikasirike.

Sikukasirika. Nilimwuliza tu kama ameiona sebule yangu siku hizi.

"Nimeiona, Daddy. Ni kubwa."

"Na tangi?"

"Na tangi nimeliona. Lakini Baba na Mami wameshaanza kupaka rangi."

Baba ni kaka yangu. Mami ni mke wake. Mimi ni Daddy, neno lililokuja kwa simu na likabaki la simu.

Nieleze kidogo mimi ni nani, maana sina sababu ya kujificha. Mama wa binti yangu alifariki mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilimwacha kwa kaka yangu nikaenda Australia na sanduku moja. Nilianza kwa kuchuma maembe kaskazini kabisa, kwenye joto linalomtoa mtu ngozi, nikaosha makreti, nikaendesha trekta, na jioni nikasoma mpaka nikapata diploma ya usafishaji wa maji. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo kampuni yangu inafunga mitambo ya kusafisha maji ya visima kutoka Kalimoni hadi Thika, na nyumba yangu ya Membley niliijenga bila kukopa jiwe. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa muda mrefu niliamini kwamba ukishayasema, mengine yote yanafuata yenyewe.

Nyuma ya shamba lile la maembe kulikuwa na kijito. Jumapili, wenzangu wakienda mjini, nilikaa hapo na mkate wangu. Maji yalikuwa meupe, chini kuna mchanga na majani yaliyooza, na mizizi ya miti imening'inia kama nywele za mtu anayeosha kichwa. Asubuhi, jua linapopenya kati ya matawi na kufika majini, samaki wadogo walitoka chini ya mizizi kwa makundi. Mwanzoni ungedhani ni vipande vya bati. Halafu dume mmoja anamkabili mwenzake, anakunjua mapezi, na mwili wake wote unawaka: kijani, buluu, mstari mwekundu kama wino. Kufumba na kufumbua amezima tena. Waliitwa samaki wa upinde wa mvua. Sijui kama mtu asiyewahi kukaa mbali na kwao Jumapili nzima bila kusema neno anaweza kuelewa kwa nini niliwapenda.

Nilimwambia binti yangu habari zao kwa simu, akiwa darasa la pili au la tatu. Sikuwa na la kumwambia lingine. Kazi yangu hakuielewa, na shule yake sikuielewa. Viatu nilivyomtumia vilifika kila mara vikiwa vya mguu wa mwaka uliopita. Lakini samaki aliwasikiliza. Aliuliza kama ni kweli wana rangi zote, nikamwambia zote. Aliuliza kama nitamletea, nikasema nitamletea.

Nilirudi akiwa amemaliza chuo. Jambo la kwanza nililofanya baada ya paa kukauka ni kuagiza samaki. Sio wale wa kijitoni hasa; hawa ni binamu zao kutoka maziwa ya kisiwa cha Guinea Mpya, maji yake magumu yenye chokaa, karibu sawa na maji yetu ya visima vya Ruiru. Hilo nililigundua mwenyewe kwa kupima. Dume wao aliyekomaa ni samaki wa ajabu: nusu ya mbele ni buluu ya wino wa shule, nusu ya nyuma ni papai lililoiva, na mpaka kati ya rangi hizo umekatwa wima kama kwa rula. Wakiwa wadogo ni wa kijivu, huwezi kuwatazama mara mbili. Rangi huja na umri, na utulivu. Ukimhamisha, ukimtisha, ukimweka juu ya mchanga mweupe chini ya taa kali, anapauka. Hilo mimi humwambia kila mtu anayetaka kufuga. Huwaambia kabla hawajaniuliza.

Binti yangu alikuja kuwaona mara moja, jioni, ana haraka. Alisema wanapendeza. Simu yake ikalia.

Sasa nieleze kuhusu kikombe, kwa sababu kila nilichofanya baada ya simu ile nilikifanya kwa ajili yake.

Kwetu Wakikuyu, wageni wa upande wa kijana wanapokuja kuposa, huja na kinywaji. Zamani kilikuwa pombe ya muratina; sisi watu wa kanisa tunapokea uji wa mtama uliochachushwa, ndani ya kibuyu. Hakuna mzee anayekigusa mpaka msichana aitwe na kuulizwa mbele ya watu wote: je, tunywe? Akisema mnywe, humimina, huonja, kisha humpelekea baba yake. Kikombe cha kwanza ni cha baba. Cha pili ni cha ndugu wa baba. Hakuna hotuba inayoweza kubadilisha hilo. Watu wote wanatazama miguu ya msichana inaelekea wapi.

Nilikitaka kikombe hicho. Nilijua nani alimpeleka kliniki, nani alikaa kwenye mikutano ya wazazi na nani alisuka nywele zile. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, nami ndiye niliyevunjika mgongo mbali ili asome. Nilifikiri kama ningekuwa kwangu, kwenye kiti changu, mbele ya tangi langu, miguu yake isingepata pa kupotelea. Mwiki ilikuwa jambo jingine. Huko ningekuwa mgeni aliyekalia kiti cha plastiki.

Basi niliamua kwamba kama sebule yangu haiwezi kuwa Mwiki, tangi langu litakuwa Mwiki.

Kaka yangu alinitazama nilipomweleza. Yeye ni mtu wa maneno machache. Amefanya kazi ya useremala maisha yake yote na huongea kana kwamba ana misumari mdomoni.

"Muru wa maitu," akasema, yaani mwana wa mama yangu, "hiyo kitu itakaa wapi?"

"Pale ukutani. Mkabala na mlango. Mgeni akiingia tu, anaiona."

"Pale pana kabati."

"Kabati linaweza kwenda chumbani kwa siku moja."

Mke wake alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Shemeji, hao wageni wanakuja kuona msichana ama wanakuja kuona samaki?"

"Wataona vyote, shemeji. Si vibaya wajue msichana anatoka mahali."

Hapo aliinua kichwa. "Kwani hapa si mahali?"

Nilicheka, kama mtu anavyocheka akitaka lisirudiwe. Kaka yangu alitazama ukuta, akatazama mkewe, akasema haya, ilete, lakini maji yakimwagika kwa kapeti utaongea na huyu.

Nililileta siku moja kabla ya wageni. Naweza kusema kazi ile niliifanya kwa ustadi. Nilibeba maji ya kisima changu kwenye mapipa ili samaki wasishtuke. Nilifunga pampu na chujio, nikapima joto, nikaweka meza ya chuma chini. Samaki nilisafiri nao ndani ya ndoo zilizofunikwa, nikiendesha gari kama niliyebeba mayai. Ila mchanga mweusi na majani yao ya maji niliviacha Membley, kwa sababu vingechafua maji katika kusafirisha, na mahali pake nikaweka kokoto nyeupe zilizooshwa zikang'aa. Juu nikafunga taa mpya, kali. Nilitaka mtu awaone hata akiwa barabarani.

Juu ya kabati palikuwa na picha. Binti yangu katika joho la mahafali, kaka yangu upande mmoja amevaa suti inayombana, mke wake upande wa pili ameshika ua la karatasi. Kifuniko cha tangi kilipanda mpaka kwenye fremu, kwa hiyo niliitundua, nikaiweka nyuma ya sofa, uso ukiangalia ukuta. Nilifanya hivyo kwa sababu kioo chake kingeweza kuvunjika. Nilijiambia hivyo. Ukutani palibaki alama ya mraba, rangi ya zamani ndani ya rangi mpya, maana walikuwa wamepaka kuizunguka picha bila kuishusha.

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika mapema kuliko wote, na suti yangu. Nikawasha taa ya tangi.

Samaki walikuwa kijivu.

Walikuwa wamejibana kwenye kona ya chini, wote, vichwa upande mmoja, kama watu wanaongoja mvua iishe. Ile buluu haikuwapo. Lile papai halikuwapo. Nilizima taa, nikaiwasha. Nikawapa chakula, kikashuka mbele yao mpaka kwenye kokoto bila mmoja kusogea. Nilijua sababu zote. Ningeweza kukaa na kuziandika. Nilikuwa nimefanya kila kitu ambacho mimi huwakataza watu kufanya, nikakifanya kwa vifaa vizuri.

"Wamelala?" aliuliza mke wa kaka yangu, amebeba sufuria.

"Watachangamka jua likipanda," nilisema.

Wageni walifika karibu na adhuhuri. Ni watu wa upande wa ziwa, lakini kijana alizaliwa Thika. Baba yake amefanya kazi kiwandani huko tangu ujana wake. Waliimba mlangoni kama desturi inavyotaka, shangazi zetu wakawazuia mlangoni, wakatozwa utani kabla ya kufunguliwa. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya na kofia ya manyoya aliyoivaa kwa makusudi ya kuchekesha. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akaliona tangi. Nilijiweka sawa kwenye kiti. Nilikuwa nimechagua cha karibu nalo.

Aliinama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Jamani wakwe," akasema, "sisi tumekuja kutoka kwa watu wa samaki. Tulisema tukifika kwa Wakikuyu tutakula irio na mbuzi, tupumzishe samaki kidogo. Kumbe mmetuwekea omena! Na mmezifuga ndani ya nyumba, zikiwa hai!"

Sebule nzima ilivunjika kwa kicheko. Shangazi zetu walicheka. Hata kaka yangu alicheka, akifunika mdomo.

"Si omena," nilisema. "Hawa si dagaa wa kukaanga."

"Si omena?"

"Hawa wanaitwa samaki wa upinde wa mvua."

Alitazama tena, kwa heshima ya kujifanya. "Upinde wa mvua. Mvua yenyewe bado haijanyesha, ama?"

Walicheka tena. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Mtu mwenye akili angecheka na wenzake, na siku ingeendelea. Mimi nilisimama. Nilifunga kifungo cha koti na nikaanza kueleza. Niliwaeleza kuhusu kisiwa cha Guinea Mpya na maziwa yake. Niliwaeleza kuhusu Australia, kijito, mizizi, jua la asubuhi. Nilitaja diploma yangu. Nilisema kwamba kutoka hapo mpaka Thika hakuna mwingine aliyefanikiwa kuwazalisha. Hilo lilikuwa kweli kwa kadiri nijuavyo, na niliona linawavutia, kwa hiyo nikashikilia hapo.

Baba wa kijana, mtu mpole, aliuliza kwa nia njema kabisa: "Na wanazaa namna gani, mkwe? Hawa wetu wa ziwa, wengine mama anaficha watoto mdomoni."

"Hawa hapana," nilisema. Sauti yangu ilikuwa imeshapata mwendo. "Hawa hawalei. Jike anaachia mayai kwenye majani, dume anapita juu yake, kisha wanaondoka. Hawarudi kuangalia. Wakikutana na mtoto wao baadaye hawamjui. Wanaweza hata kumla. Kwa hiyo mfugaji lazima ayatoe mayai upesi. Mimi hutumia fundo la nyuzi za sufu: wanataga humo, nalitoa, nalipeleka kwenye tangi jingine kabisa. Watoto wanalelewa huko, mpaka wapate rangi. Wakishakuwa wakubwa na wazuri, ndipo nawarudisha kwa..."

Nililisikia neno kabla sijalitamka, nikaliacha.

Hakuna aliyecheka. Binti yangu alikuwa chumbani na rafiki zake, mlango uko wazi kidogo, na nyuma ya pazia kicheko cha wasichana kilichokuwa kikiendelea muda wote kilikatika. Mke wa kaka yangu alikuwa amesimama na trei ya vikombe. Alitazama vikombe. Kaka yangu alitazama mikono yake. Wageni hawakujua habari zetu zote, lakini walijua za kutosha. Kabla ya kuja watu huuliza. Pampu ya hewa iliendelea kububujika. Nilikuwa nimesimama chini ya alama ile ya mraba ukutani, na ghafla nikajua kwamba kila mtu anaiona.

Mjomba mwenye kofia ya manyoya alinionea huruma. Hilo ndilo lililoniuma kuliko omena. Alipiga makofi mawili akasema kwa sauti kubwa, "Haya! Samaki wanajua mambo yao, na sisi tuna yetu. Tuna kiu, wakwe. Tumebeba kibuyu kizito, na mwenye kutufungulia hatujamwona."

Nikakaa.

Binti yangu aliletwa amefunikwa kanga pamoja na wenzake, kijana akamchagua bila kukosea, vigelegele vikapigwa. Sikuvisikia vizuri. Kaka yangu aliinuka na kumwuliza kama inavyotakiwa, "Mwanangu, hawa watu wamekuja na kinywaji. Tunywe, ama tuwarudishie?"

"Mnywe," alisema. Kisha, kwa sababu shangazi walimtania kwamba hawajasikia, akasema kwa nguvu, "Mnywe, Baba!"

Alimimina, akaonja, akakunja uso kidogo kwa uchachu. Halafu akageuka.

Kiti changu kilikuwa karibu naye kuliko cha kaka yangu. Hilo nililipanga. Alianza kuja upande wangu, kwa sababu njia ilikuwa hapo, kati ya meza na tangi, na mikono yangu ikainuka. Sikuituma. Iliinuka yenyewe, miwili, viganja juu, kama ya mtu anayepokea sakramenti. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona uji umeacha mstari mweupe juu ya mdomo wake. Macho yake yalikutana na yangu, na ninaamini alitamani mikono ile isingekuwapo. Akapita. Alipiga magoti mbele ya kaka yangu.

Sikujua mikono niifanye nini. Niliipeleka kwenye kioo cha tangi, nikajifanya nakirekebisha kifuniko. Samaki walishtuka, wakajibana zaidi.

Kaka yangu alikishika kikombe muda mrefu. Nilidhani atanipa, nilimwona akifikiri. Ni mtu ambaye angeweza kufanya hivyo, na kama angefanya nadhani nisingeweza kuwatazama watu wale tena. Lakini binti yangu alikuwa bado amepiga magoti, hajaondoka, anamtazama. Akanywa. Alikunywa chote, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, na machozi yake hayakuwa ya uchachu wa uji.

Kisha binti akamimina cha pili, akaja kwangu.

"Daddy," alisema. "Chako."

Cha pili ni cha ndugu wa baba. Kila mtu mle ndani alijua. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa, nikasema asante. Ulikuwa uji mzuri.

Nilisema nitarudi kuchukua tangi kesho yake. Kwa kweli nilitaka kuliondoa jioni ile ile, lakini ndoo zilikuwa zimefungiwa stoo pamoja na masufuria ya jirani, na nilishindwa kuomba funguo.

Asubuhi nilifika na gari, nikiwa nimevaa nguo za kazi. Mlango ulikuwa wazi. Kaka yangu alikuwa nje akivunja meko ya wageni. Alinionyesha ndani kwa kidevu.

Nyumba ile dirisha lake la sebule linaangalia mashariki. Sikuwa nimeliangalia hilo nilipokuwa napima ukuta. Nilifikiria mlango tu. Jua lilikuwa limeingia chini chini, likapita juu ya sofa na kugonga tangi kwa ubavu. Mtu alikuwa amezima ile taa yangu kali. Mtu alikuwa ameegemeza gazeti kwenye kioo cha mbele, labda ili watoto wa majirani wasiendelee kugonga. Na pembeni ya gazeti, upande wa jua, binti yangu alikuwa amechuchumaa na leso ya kulalia kichwani.

"Usije haraka," alisema. "Utawatisha."

Nilikuja polepole. Madume walikuwa katikati ya maji. Buluu yao ilikuwa buluu, papai lao papai, na wawili walikuwa wanazungukana, mapezi yamekunjuliwa, na kwenye paji la mmoja mstari mweupe wa kuringia ulikuwa unawaka na kuzima. Kilikuwa kijito changu kile kile. Sikuweza kumwambia.

"Kwa hivyo ilikuwa ukweli," alisema.

"Nini?"

"Nilienda nikaambia darasa letu. Nikiwa class three. Daddy yangu anaishi na hizi samaki, ziko na rangi zote. Walinicheka mpaka mwalimu akaniambia niache uongo. Nikaacha." Aliendelea kutazama. "Siku ile nilikuja kwako ilikuwa jioni, walikuwa hivi hivi tu. Nikasema ni sawa, nitasema wanapendeza."

Nilikuwa na ndoo mkononi. Niliiweka chini, na hata sauti ya mpini wake ilinitia haya.

"Ile ya jana," nilianza, "nilipokuwa naeleza vile wanavyozaa..."

"Daddy, wacha."

"Sikukusudia..."

"Najua hukukusudia. Hiyo ndiyo mbaya." Hakulisema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Kisha akauliza, "Ukiwabeba tena watapauka?"

"Watapauka."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea. Wengine hawarudi kabisa kama walivyokuwa."

"Basi waache."

Niliingia nyuma ya sofa nikaitoa picha. Vumbi lilikuwa limeshika kioo, nikakifuta kwa shati. Nilimwomba kaka yangu nyundo na msumari. Alivitoa mfukoni kwenye aproni bila kuuliza, akaja akasimama nyuma yangu, na nilipokuwa karibu kugonga akasema, "Kidogo kushoto." Nikaitundika kwenye ukuta wa dirisha, mahali ambapo mgeni aliyekaa ataiona moja kwa moja. Mke wake alitoka jikoni akaitazama, akanitazama mimi.

"Na hizi omena nani atakuwa anaziosha?" aliuliza. "Mimi sina diploma."

"Nitakuja, shemeji."

"Utakuja lini? Wewe ni mtu wa mambo mengi."

"Jumamosi. Kila Jumamosi."

"Utavua viatu," alisema.

Nilileta mchanga mweusi na majani ya maji, nikaziondoa kokoto. Sasa Jumamosi huenda Mwiki na mapipa yangu ya maji ya kisima. Nikikuta kuna chai nakunywa, na nikikuta wanakula narudi kwenye gari nangoja, mpaka kaka yangu aje agonge dirisha. Binti yangu ameshahamia Thika. Harusini alitembea na kaka yangu, nami nilikaa safu ya wajomba na baba wadogo, mahali pangu. Akija kutembea kwao siku ya Jumamosi, hukaa nami mbele ya kioo kidogo, tunazungumza habari za samaki. Ndizo tulizonazo.

Wiki chache zilizopita nilikuta mtoto wa jirani mlangoni, mgeni katika ploti ile. Aliniona na mapipa, akapaza sauti kuita ndani kwamba kuna mzee.

"Ni nani?" mke wa kaka yangu aliuliza kutoka jikoni.

Mtoto alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nilikuwa nimeshavua viatu, nimevishika mkononi. Ningeweza kumtajia mambo mengi.

"Mwambie," nilisema, "ni mtu wa samaki."